Je, Asiyeulizwa Aseme?

Suala tunaloleta kwenu safari hii ni dogo kwa umbo, kwani limezaliwa na baiskeli moja iliyotumika, lakini limetukosesha usingizi kuliko mambo mengi makubwa tuliyowahi kuyajadili barazani. Suala lenyewe ni hili: watu wawili wanapouziana kitu, na mmoja wao anajua jambo asilolijua mwenziwe, je, ana wajibu wa kulisema hata kama hakuulizwa? Tunaposema "sisi" hapa tuna maana ya mtu na mkewe, wakazi wa Leicester kwa zaidi ya miaka 25, mmoja mhandisi wa umeme aliyekuja kusoma akabaki, na mwingine muuguzi. Kalamu anaishika mhandisi, lakini makosa ni ya wote wawili.

Watoto walipokwisha kuondoka nyumbani tulinunua gari-nyumba, yaani lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Jamaa walitucheka sana: mtu ana nyumba yake ya matofali, anaiacha akalale ndani ya gari kwenye shamba la watu, tena kwa kulipia! Acha wacheke. Lakini gari hilo lina udhia wake. Ukishalisimamisha kambini, ukachomeka umeme na kutandika mkeka nje, huna hamu tena ya kulikunjua kwa ajili ya mkate na maziwa. Duka liko maili tatu, njia ni ya kupanda na kushuka, na magoti ya mmoja wetu yamekwisha kutoa taarifa ya kustaafu. Baiskeli ya umeme ndiyo dawa, wakatuambia majirani wa kambini. Dukani tuliziona zinauzwa pauni 2,000 na kuendelea. Tukasema tuanze na moja, iliyotumika. Kulikuwa na hesabu ya uzito pia, kwa kuwa gari letu haliruhusiwi kuzidi kilo 3,500 pamoja na maji, gesi, vyungu na sisi wenyewe, na baiskeli moja ya aina hiyo ina kilo 24 au zaidi.

Basi mhandisi akajiona yeye ndiye mjuzi. Mtu aliyekulia Ngamiani, Tanga, hawezi kudanganywa kwa baiskeli. Alimwona baba yake akinunua Phoenix kwa mwalimu mmoja wa Barabara ya 8. Mzee aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akalaza sikio kusikiliza gololi za ndani. Akazibana njiti kwa vidole moja moja, akavuta mnyororo, akatazama kama rimu inayumba. Baiskeli ile haikuwa na siri, kila ugonjwa wake ulionekana kwa jicho au ulisikika kwa sikio. Isipokuwa mmoja. Mzee alipokwisha kutoa fedha mfukoni, mwalimu akamwambia, "Ngoja kwanza. Hapa chini ya rangi fremu imechomelewa. Ilivunjika mwaka juzi." Shilingi kadhaa zikapunguzwa. Walipokuwa wakirudi, mtoto akauliza kwa nini mwalimu amesema wakati hakuna aliyemuuliza, na baba akajibu kwamba mwalimu atakutana naye kesho sokoni, na keshokutwa msibani, na hana pa kuuficha uso wake.

Jibu hilo tulilipenda kwa miaka mingi, na sasa tunaliona lina ufa. Kama mwalimu alisema kwa kuwa watakutana tena, basi je, angekuwa Leicester, ambako muuzaji na mnunuzi hukutana mara moja tu mbele ya mlango na kutoonana tena hadi kiama?

Baiskeli ya umeme ina jambo moja linalolifanya suala hili kuwa zito zaidi, nalo ni betri. Karibu nusu ya thamani ya chombo kilichotumika imo ndani ya kifurushi cha plastiki kilichofungwa kisifunguliwe. Ndani yake mna seli za lithiamu, aghalabu 40 hivi, zimepangwa kumi kumi mfululizo ili zitoe volti 36. Ukizijaza hufika volti 42. Ukipima kwa mita ukaona 41 na ushei, unajua imejaa. Imejaa kiasi gani, hujui. Wazee waliokuwa wakinunua nafaka kwa kibaba walikuwa na hofu ya kibaba kilichoinuliwa kitako: mchele umefika ukingoni, unaonekana umejaa tele, lakini chini muuzaji amepachika kibao. Volti ni ukingo wa kibaba. Kitako hukioni. Ili ukijue huna budi kumwaga mchele wote na kuupima upya, yaani kuendesha mpaka betri izime, au kuipeleka kwa fundi mwenye kifaa cha kuipima. Na betri hizi huzeeka kwa njia mbili, kwa kutumiwa na kwa kukaa tu. Huko kuzeeka kwa kukaa huenda mbio zaidi ikiwa betri imewekwa imejaa pomoni mahali penye joto. Mhandisi alikuwa akiyajua haya yote. Msomaji ayaweke akilini.

Ya kwanza tuliyokwenda kuiona ilikuwa ya kijana mmoja aliyetutaka tukutane naye nje ya duka kubwa, usiku. Pauni 300. Haikuwa na chaja, haikuwa na ufunguo wa kufungulia betri, na namba ya fremu ilikwanguliwa. Isitoshe ilikwenda mbio bila kukanyagwa, ilhali sheria hapa ni mota isiyozidi wati 250 na msaada wake ukome kwenye maili 15.5 kwa saa. Ikizidi hapo si baiskeli tena, ni pikipiki inayotaka usajili na bima. Tuliondoka bila kujadiliana bei. Katika hali ile hapakuwa na swali la maadili la kuumiza kichwa, maana mali ya wizi haihalaliki kwa kununuliwa, si kwa sheria ya Kiingereza wala kwa nyingine tuijuayo.

Ya pili ndiyo iliyotuletea haya. Mwezi Mei 2024 tulikuwa kambini karibu na Ludlow, mpakani mwa Uingereza na Wales. Mwenye kambi alituambia kwamba bibi mmoja kijijini, mjane, ana baiskeli ya umeme ya marehemu mumewe na anataka iondoke, ila hajui aitangaze wapi. Tukaenda kwa miguu. Bibi alitukaribisha chai. Baiskeli ilikuwa katika chumba cha vioo upande wa kusini wa nyumba, imefunikwa shuka, imefutwa vumbi, tairi zimejazwa pumzi. Ilinunuliwa mwaka 2016. Kioo chake cha usukani kilionyesha maili 312 tu. "Mume wangu aliniambia niichaji isife," alisema. "Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana naichomeka." Hata baada ya mazishi, mwaka 2021, hakuacha. Mhandisi alipima: volti 41.7. Tukaiendesha hadi kanisani na kurudi, ikapanda kilima kama inavutwa kwa kamba.

"Kiasi gani?" tukauliza.

Akasema pauni 250. Jirani yake aliuza baiskeli ya kawaida kwa bei hiyo, akaona naye atake hivyo hivyo.

Tulikuwa tumezunguka madukani miezi miwili. Baiskeli za kampuni ile ile na umri ule ule tuliziona zimeandikwa pauni 900. Tukatazamana. Na hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo wengi wenu, tuseme kweli, mmekwisha kulifanya: tukahamia kwenye Kiswahili.

"Toa fedha tuondoke kabla mtoto wake hajapiga simu," mmoja wetu akasema, huku anatabasamu kana kwamba anasifu maua.

"Hajui bei."

"Kutojua kwake si kosa letu. Ametaja mwenyewe. Hatukumlazimisha."

"Mbona basi tunasema Kiswahili?"

Hakuna aliyejibu. Bibi alikuwa amekaa mbele yetu, mikono juu ya magoti, anatutazama mmoja baada ya mwingine kwa ule uso wa kiungwana wa mtu asiyetaka kuonekana anasikiliza. Sisi tuliofundishwa utotoni kwamba kunong'ona mbele ya mgeni ni utovu wa adabu, tulikuwa tumelitundika pazia mbele ya mwenye nyumba, ndani ya nyumba yake, huku tunakunywa chai yake.

Turuhusuni tuiache baiskeli hapo kidogo. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi Cicero aliandika kitabu juu ya wajibu, na katika sehemu yake ya tatu anaeleza mfano wa mfanyabiashara aliyepakia nafaka Aleksandria akafika Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameona merikebu nyingine nyingi zinakuja na nafaka. Je, awaambie watu wa Rhodes, bei ishuke, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji aseme kasoro zile tu ambazo sheria inamtaka aseme, maana kunyamaza si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, anasema binadamu ni ndugu, na hilo analolijua mmoja kwa faida ya wote halipaswi kufungiwa. Cicero mwenyewe anaamua kwamba ni kweli kunyamaza si kuficha siku zote. Kunakuwa kuficha pale unapotaka mwenzio asijue, kwa sababu ya kufaidi wewe, jambo ambalo lingemfaa yeye kulijua. Mizani hiyo ni nyepesi kuibeba, na pale kwenye chumba cha vioo haikuhitaji hata kutiwa mawe. Tulitaka bibi asijue. Kiswahili chetu kilikuwa ushahidi.

Kwa upande mwingine sheria ya hapa ilikuwa pamoja nasi. Watu binafsi wakiuziana, kanuni ya kale ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe; ile sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora wa kuridhisha, wala haimgusi ajuza anayeuza mali ya marehemu. Na kuhusu mnunuzi anayejua kuliko muuzaji, sheria haina neno la kumwambia. Ajabu ni kwamba tuliosoma chuoni utotoni tulifundishwa kanuni inayomlenga mnunuzi huyo hasa. Hadithi inayojulikana inakataza kuutokea msafara njiani na kununua bidhaa zake kabla haujafika mjini, na mwenye mali aliyeuza hivyo akifika sokoni akaiona bei, ana hiari ya kuvunja biashara. Tulipokuwa watoto tuliona ni habari za ngamia na jangwa. Kumbe msafara ni bibi mmoja wa kijijini asiyejua aitangaze wapi mali yake, na sisi ndio tuliomtokea njiani, kwa miguu, baada ya kupashwa habari na mwenye kambi.

Ndipo mmoja wetu akarudi kwenye Kiingereza akamwambia: bibi, bei yako ni ndogo mno, madukani hizi ni 900. Msidhani alitukumbatia. Uso ulibadilika. Kwanza aliona haya, kama mtu aliyeambiwa nguo yake imefunguka mgongoni, kisha akaingiwa na shaka. Akasema labda amsubiri mwanawe. Tulikunywa kikombe kingine bila kujua la kusema. Mwishowe tukampa rai ya pauni 600, kwa kuwa sisi si duka, hatupewi dhamana wala risiti, na yeye hana gharama za duka. Akampigia mwanawe simu kutoka jikoni, akarudi, akakubali. Alitupa chaja, funguo mbili na pampu ya mkono, akatusindikiza hadi barabarani.

Tulirudi kambini tumejaa kiburi. Tunakiri. Mtu akifanya jema kwa gharama ya pauni 350 hujisikia mwepesi kama aliyetoka kuoga baharini. Mmoja wetu alimpigia simu shemeji yake kumsimulia, na yule akacheka, akasema sisi ni wajinga waliosoma.

Agosti ile ile tulikwenda Rhayader, katikati ya Wales, kuyaona mabwawa ya Elan. Kwa mhandisi ni ziara ya heshima: tangu mwaka 1904 maji ya huko hutiririka maili 73 hadi Birmingham kwa mteremko tu, bila pampu. Tulipanda bonde lile, mmoja kwa baiskeli yake ya kawaida na mwenye magoti kwa ya umeme, tukapita bwawa la Craig Goch la juu kabisa, tukazunguka kurudi kwa njia ya mlimani. Kwenye maili ya 12, kabla ya mlima wa mwisho, betri ikazima. Si kupungua, kuzima. Tulisukuma kilo 24 za chuma kupanda mlima kwa zamu, mvua inatupiga usoni, kondoo wanatutazama.

Nyumbani tuliipima sawasawa. Tuliimaliza yote, kisha tukaijaza kupitia mita ndogo ya kuchomeka ukutani inayohesabu umeme unaoingia. Betri imeandikwa wati-saa 400, na ukiongeza unaopotea kwenye chaja, mita ilipaswa kuonyesha zaidi ya 440. Ilionyesha 215. Kitako cha kibaba kilikuwa kimeinuliwa karibu nusu. Na aliyekiinua, Mungu amrehemu mumewe, ni bibi mwenyewe kwa mapenzi yake: kila Jumapili kuijaza pomoni, ndani ya chumba cha vioo kinachotazama jua, miaka mitatu mfululizo, ikiwemo Julai ya 2022 ambapo sehemu za Uingereza zilipita nyuzi 40. Alituambia haya yote kwa kinywa chake. Mhandisi aliyasikia, na badala ya kushtuka akafurahi kwamba chombo kimetunzwa. Alitazama maili 312 akasahau miaka 8.

Betri mpya ilitugharimu pauni 450. Fanyeni hesabu wenyewe: ile bei ya 250 aliyoitaja bibi bila kujua lolote ilikuwa karibu kabisa na bei ya haki. Sisi wajuzi ndio tuliompotosha.

Mwaka 1970 mchumi George Akerlof, ambaye mwaka 2001 alishiriki tuzo ya Nobel, alionyesha kwamba pale muuzaji anapojua ubora wa kitu na mnunuzi hajui, kama ilivyo kwa magari yaliyotumika, vitu vizuri hukimbia sokoni na vibovu vikabaki. Katika biashara yetu hakuna aliyejua. Bibi hakujua kwamba betri imechoka, nasi hatukujua kwamba hatujui. Uaminifu wetu ulikuwa wa kweli, maelezo yetu yalikuwa ya uongo, na fedha zilipita kutoka mkono hadi mkono kwa nguvu ya maelezo hayo. Je, tumdai? Mmoja wetu, siku mbili za mwanzo, alisema ndiyo: kama tulimwongezea kwa kuwa tulidhani chombo ni kizima, na si kizima, basi nyongeza haina msingi. Mwingine akajibu kwamba bibi hakutuomba nyongeza. Sisi ndio tuliokwenda kumtia mashaka juu ya chai yake mwenyewe, na mtu akijitwika uhodari wa kupima, akapima vibaya, hasara ni yake. Hili la pili ndilo tulilolishika. Tulilishika kwa shingo upande, hasa siku ya kulipia betri.

Likabaki swali dogo ambalo hatujalimaliza. Desemba ilikuja kadi kutoka Ludlow. Bibi aliandika kwa mkono unaotetemeka kwamba fedha zile alizitumia kuweka jiwe kaburini kwa mumewe, na akauliza kama baiskeli inakwenda vizuri, maana hupenda kufikiri kwamba iko njiani mahali fulani. Kwa mizani ya Cicero, kunyamaza kwetu kuhusu betri hakutufaidii lolote, tumekwisha kulipa. Lakini mmoja wetu anasema bibi aambiwe, kwa upole, kwa sababu ana pia mashine ya kukatia nyasi ya betri, ameiweka katika chumba kile kile, na huenda bado anaijaza kila Jumapili. Mwingine anasema ukimwambia hilo, atajumlisha moja na moja: atajua kwamba aliua kidogo kidogo kitu alichoachiwa akitunze, na atataka kurudisha fedha ambazo zimekwisha kuwa jiwe.

Tulimpelekea picha. Baiskeli imeegemea gari-nyumba, ufukwe wa Aberystwyth, na nyuma yake bahari. Chini tuliandika kwamba inakwenda vizuri sana. Ni kweli, tangu Septemba inakwenda vizuri sana. Habari ya mashine ya nyasi tuliiandika kwenye karatasi nyingine, mistari minne, na karatasi hiyo bado iko kwenye droo ya jikoni pamoja na stempu.